Watoto wa Darasa la Saba Kahama Wapewe Utulivu

Kila mwaka ifikapo Septemba, watoto wa Darasa la Saba huketi kwa siku mbili kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mtoto wa Kahama mjini na mwenzake wa vijiji vya Ushetu na Msalala hupewa karatasi ile ile kwa saa zile zile. Lakini miezi inayotangulia siku hizo mbili haifanani hata kidogo, na hapo ndipo ilipo kazi ya wazazi.

Hofu ya mtihani huu ina historia yake. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alieleza kwamba ni watoto 13 tu katika kila 100 wa shule za msingi ambao wangepata nafasi ya sekondari. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka mtihani mmoja usiwe kipimo pekee cha mtoto, bali na kazi yake ya kila siku ihesabiwe. Hata hivyo nafasi zilibaki haba kwa miaka mingi, na kijana aliyeachwa nje wakati ule ndiye babu wa leo anayemwambia mjukuu wake kwamba asipofaulu maisha yamekwisha. Hali imebadilika. Shule za sekondari za kata zimeenea tangu mwaka 2004, na katika mitihani ya 2023 na 2024 watahiniwa wapatao wanane katika kila kumi walifaulu nchini kote. Hofu imebaki pale pale, kama ng'ombe anayekwepa kisima kilichokwisha kufukiwa zamani.

Ni makosa makubwa kudhani kwamba vitisho humzidishia mtoto akili. Anayechapwa kwa sababu ya mtihani wa majaribio wa Julai huingia katika ule wa Septemba akiwaza fimbo, wala si hesabu. Yako pia makambi ambamo watoto hukeshwa usiku wakikaririshwa maswali ya miaka iliyopita, kisha mchana husinzia darasani. Mtoto anahitaji usingizi, uji wa asubuhi, na mtu mzima wa kumsikiliza anaposoma kwa sauti, hata kama mtu mzima huyo hajui kusoma.

Yapo na mambo madogo yenye faida kubwa. Tangu mwaka 2012 majibu husahihishwa kwa mashine, na mtahiniwa hutakiwa kusiliba kwa penseli herufi ya jibu alilolichagua. Mtoto anayeiona fomu ya namna hiyo kwa mara ya kwanza asubuhi ya mtihani anaweza kupoteza maksi za jambo analolijua vizuri. Penseli na ufutio havimshindi mzazi, na zoezi la kusiliba halimshindi mwalimu.

Kazi za nyumbani ni jambo zito zaidi. Septemba Kahama ni kiangazi. Malisho yamekauka, na mvulana hutumwa mbali na mifugo. Maji yako mbali, na msichana hurudi na ndoo jua likiwa limekwisha panda. Kwenye vijiji vya tumbaku vitalu navyo vinataka kumwagiliwa. Jirani na machimbo madogo ya dhahabu mtoto huvutwa na fedha ya siku, akaponda mawe na kushika zebaki. Taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza habari za watoto wa namna hiyo katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Hakuna anayesema mtoto asifanye kazi kabisa. Lakini familia yenye watu wazima sita haikosi mmoja wa kuchunga ng'ombe kwa wiki chache.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi kwa sauti katika mikutano ya wazazi. Wapo wasichana wanaoagizwa na wazee wao waandike majibu ya uongo ili wasifaulu. Sababu inajulikana. Sheria ya Elimu iliyorekebishwa mwaka 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi, na mzazi mwenye macho kwenye ng'ombe wa mahari huona kwamba binti aliyeanguka mtihani si mwanafunzi tena. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Shinyanga, kwa mipaka yake ya wakati ule, wanawake vijana 59 katika kila 100 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto aliyebebeshwa agizo hilo atatulizwaje kwa uji na usingizi? Ameambiwa achague kati ya baba yake na kalamu yake.

Hapa mwalimu, hasa mwalimu wa kike, ana wajibu ambao hauwezi kuachiwa mkutano. Daftari za mwaka mzima anazo. Msichana aliyekuwa akiongoza tangu Januari, kisha akaanza kukosa maswali mepesi katika majaribio, aitwe faraghani aulizwe aliyoambiwa nyumbani, na mtendaji wa kata ajulishwe mapema. Swali hilo liulizwe Julai. Mtihani husimamiwa na walimu wa shule nyingine, na fomu zikishafungwa ndani ya bahasha hakuna mwalimu wake atakayeziona tena.