Shamba ni la Mwenyewe, Mnyama ni wa Taifa

Kila msimu wa mavuno uwadiapo, katika vijiji vinavyopakana na mbuga za Queen Elizabeth na Murchison Falls, mkulima hukesha shambani akipiga debe na kuwasha moto ili kuwafukuza ndovu. Wakati mwingine hufaulu. Wakati mwingine hupambazukiwa akitazama migomba iliyolazwa chini na mihogo iliyong'olewa, kazi ya miezi mingi imeteketea kwa usiku mmoja. Mtu huyo hukimbilia kwa mwenye bunduki aliye karibu naye, awe polisi wa kituo kidogo au mwanajeshi wa kambi ya jirani, na kumwuliza, "Afande, silaha unayo, mbona watazama tu?"

Swali hilo ni zito, na anayeliuliza ana haki ya kuliuliza. Twaona ni wajibu wetu kulijadili leo pamoja na ndugu zetu wa jeshi na polisi, kwa sababu jibu lisilo sahihi laweza kumtia askari mwema kizuizini na kumwacha mkulima katika hali ile ile ya njaa.

Kwanza, na tuielewe sheria. Katiba yetu ya mwaka 1995 yasema kwamba ardhi ya Uganda ni mali ya raia, nao humiliki kwa njia ya mila, ya mailo, ya umiliki huru au ya kukodi. Lakini kumiliki ardhi si kumiliki kila kinachopita juu yake. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1996, yatamka wazi kwamba wanyamapori ni mali ya Serikali kwa niaba ya wananchi na kwa manufaa yao. Ndovu aingiapo katika shamba la mtu hageuki kuwa mali ya mwenye shamba, wala si mali ya askari aliyeitwa kumfukuza.

Sheria hiyo haikumsahau binadamu. Mtu akishambuliwa na mnyama, naye hana njia nyingine ya kuokoa maisha yake au ya mwenzake, anaruhusiwa kujitetea hata kwa kuua. Hata hivyo, kujitetea ni jambo moja na kulipiza kisasi ni jambo jingine. Nyati anayemkimbilia mama kisimani si sawa na nyati aliyekwisha kurudi mwituni, kisha akafuatwa kwa bunduki kwa sababu nyama yake ni tamu. Na aliyeua kwa kujitetea hana budi kutoa taarifa mara moja, wala asiguse ngozi, pembe au nyama.

Pia wanyama wote hawashughulikiwi kwa namna moja. Nyani, tumbili na nguruwe mwitu wametangazwa kuwa wanyama waharibifu, na kuwadhibiti ni kazi ya serikali za wilaya kwa kutumia walinzi waliofunzwa. Ndovu, simba, nyati, kiboko na mamba wako chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Askari ajuaye tofauti hii atamwelekeza mwananchi mahali panapofaa, badala ya kumzungusha kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Pili, na tuyatazame mambo kwa jicho la kijeshi. Bunduki ya kawaida ya askari haikutengenezwa kwa ajili ya kumwua ndovu au nyati. Risasi yake yaweza kumjeruhi tu, na nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani akimngoja mtu wa kwanza atakayepita. Mtu huyo mara nyingi si aliyefyatua risasi. Ni mtoto aendaye shule. Isitoshe, risasi ipigwayo usiku penye umati wa watu haichagui. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Kumpisha ndovu njia ya kurudi porini si woga, bali ni akili ya vita.

Kwa hiyo, askari aitwapo, kazi yake ya kwanza ni kuwalinda watu. Autawanye umati, awazuie vijana wanaorusha mawe, aache wazi upande ambao mnyama atapitia, na apeleke habari upesi kwa maaskari wa wanyamapori. Kukicha, na aandike kwa makini: mahali, saa, aina ya mnyama, mazao yaliyoharibiwa na ukubwa wa shamba, pamoja na majina ya mashahidi. Sheria ya mwaka 2019 imeweka mpango wa fidia kwa vifo, majeraha na hasara, jambo ambalo sheria ya mwaka 1996 haikuwa nalo. Madai hayo hulipwa baada ya kuhakikiwa, na maandishi ya askari mwaminifu yaweza kuwa msaada mkubwa kwa mjane au mkulima asiyejua kusoma.

Tatu, na tuseme juu ya sumu na nyama.  Mwezi Aprili 2018 simba 11, wengi wao wakiwa watoto, walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu. Mwaka 2021 wengine 6 walikutwa Ishasha, wamekatwa vichwa na miguu. Sumu haimwui simba peke yake. Huua tai, mbwa, na hata binadamu. Tena, mzoga uliookotwa si zawadi. Mwaka 2004 kimeta kiliwaua viboko zaidi ya 200 katika mbuga ya Queen Elizabeth. Askari akiona mzoga, na awazuie watu wasiukaribie, naye mwenyewe asiwe wa kwanza kuchomoa kisu.

Hatuwezi kulificha jambo moja. Katika machafuko ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, ndovu wetu waliokuwa wakihesabiwa kwa makumi ya maelfu walipungua hadi kufikia kama 2,000, na wengi waliangushwa kwa silaha za kivita. Sifa hiyo mbaya ilichukua miaka mingi kufutika. Askari wa leo asikubali kuirudisha kwa ajili ya kipande cha nyama. Sheria nayo imekuwa kali: kwa wanyama walio katika hatari kubwa ya kutoweka, adhabu yaweza kufikia kifungo cha maisha.

Lakini haki ina pande mbili. Hatuwezi kumwambia mkulima avumilie bila kumsaidia. Mahandaki, nyaya za umeme, mizinga ya nyuki na moshi wa pilipili vimeonyesha faida vinapotunzwa, na visipotunzwa huwa kazi bure. Asilimia 20 ya viingilio vya mbuga ni haki ya jamii za jirani. Na ifike vijijini. Fidia nayo na ilipwe kwa wakati, kwani mtu aliyechoka kungoja haki ndiye anayeshawishika kununua sumu.

Basi, siku mkulima atakapouliza tena, "Afande, mbona watazama tu?", jibu na liwe la vitendo: watoto wako ndani salama, maaskari wa wanyamapori wako njiani, na hasara yako imekwisha kuandikwa. Hiyo ndiyo kazi ya bunduki ya taifa mikononi mwa mtu mwenye nidhamu.