Picha ya Ndege Mwekundu

Mwezi huu tunayo picha kutoka kwa ndugu zetu waliokwenda Ohio, Marekani: ndege mwekundu juu ya theluji. Wengi mmetuuliza, walimkamata wakampiga picha?

Hapana. Huyo ni kadinali (ndiyo, jina limetoka kwenye majoho mekundu ya makadinali wa Kanisa), na baridi ikifika yeye hahami. Mwezi wa Desemba mchana wa kule haufiki saa kumi. Katika muda huo mfupi lazima ashibe, maana usiku mafuta ya mwilini ndiyo kuni zake. Kila akishtuliwa akaruka, anazichoma bure.

Kwa hiyo mpiga picha hamfuati. Anaweka mbegu za alizeti, anakaa kimya nyuma ya dirisha au ndani ya gari, anangoja. Betri ya akiba iko mfukoni, karibu na mwili, kwa sababu baridi inaimaliza nguvu upesi. Saa mbili zinapita, hakuna kitu! Ndege akija, akainua kichwa na kumkazia macho, hapo hasogei tena.

Vijana wenye simu za kamera, chozi wapo kwenye maua ya migomba. Kaeni mbali, kisha mtuletee.