Tuhesabu Abiria, Tusingoje Kuhesabu Maiti

Watu 272. Hapa Mtongwe hesabu hiyo hakuna asiyeijua, maana ni hesabu ya maiti wetu. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipinduka ikivuka kwenda kisiwani Mombasa.

Lakini iko hesabu nyingine tuliyoisahau. Feri ile ilikuwa ya watu 300. Siku ile ilipakia wapatao 400.

Kipimo kilikuwapo! Kilijulikana, na hakikumzuia hata mtu mmoja kupanda. Kipimo kisichozuia feri iliyofurika kuondoka gatini, ni kipimo au ni pambo?

Sasa tazama miradi ya umma, vivuko vikiwamo, inavyopimwa. Tangu 2004 mashirika ya umma yanatia saini mikataba ya utendakazi. Fedha zimetumika asilimia ngapi? Ujenzi umefika asilimia ngapi? Utepe umekatwa, makofi, kila mtu kwake.

Machi 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua upya kivuko chetu. Tulishangilia. Huduma haikudumu. Nani aliitwa kujieleza?

Uzinduzi si kipimo. Fedha kwisha si kipimo. Gati jipya si kipimo.

Kipimo ni hiki: leo wamevushwa wangapi? Abiria amengoja dakika ngapi? Feri imeharibika mara ngapi mwezi huu, na imekaa siku ngapi bila kutengenezwa? Ilipojaa, nani aliizuia? Na takwimu zikiwa mbaya, nani anabadilisha nini, kufikia lini? Bila jibu la swali hilo la mwisho, hayo mengine ni karatasi tupu.

Mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tumeishiwa mali, tukaishiwa na watu.

Nawe ndugu yangu, umelala! Unasukumwa kwenye kivuko cha Likoni juani, unanung'unika, unavuka, unasahau. Septemba 2019 mama na bintiye walizama papo hapo Likoni ndani ya gari lao, wakakaa chini ya maji karibu wiki mbili kabla ya kuopolewa. Tulilia. Kisha tukarudi foleni. Unangoja nini tena ndipo uulize?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Itumie. Taka hesabu za kila kivuko zibandikwe gatini kila mwezi, kwa Kiswahili, pamoja na cheo cha afisa anayezijibia.

Usiombe. Dai.