Tukienda Chania Tuwaeleze Watoto Habari Yote



Baadhi ya familia zetu zinazoishi Ulaya huwapeleka watoto visiwa vya Ugiriki wakati wa likizo. Sisi hatuoni ubaya. Mji mmoja unaosifiwa kwa uzuri ni Chania, kisiwani Krete. Bandari yake ya zamani ilijengwa na Wavenisi: nyumba ndefu zimepangana ukingoni mwa maji, mnara wa taa uko mlangoni mwa bandari, na nyuma yake kuna vichochoro vyembamba ambavyo mtu wa Lamu au Unguja hatajiona mgeni ndani yake.

Hapo hapo ukingoni pana jengo lenye kuba kubwa na kuba ndogo ndogo. Ni msikiti wa Küçük Hasan Pasha, uliojengwa baada ya Waothmani kuuteka mji mwaka 1645. Mnara wake haupo tena, adhana haisikiki, na kwa miaka mingi umetumika kwa mambo mengine, yakiwemo maonyesho ya sanaa. Muislamu akisimama hapo moyo humuuma, na ana haki.

Lakini uchungu huo usitufanye tuwape watoto nusu ya habari. Tutembee kidogo hadi uwanja wa Splantzia. Kanisa la Mtakatifu Nikolao lina mnara wa kengele na mnara wa adhana, yote miwili juu ya jengo moja. Lilikuwa kanisa la watawa wa Kidominiko. Waothmani wakaligeuza msikiti. Baadaye likawa kanisa la Waorthodoksi. Mtoto mwerevu atauliza: "Baba, nani alianza?" Tusimkwepe. Na tusimwambie kwamba tulichonyang'anywa sisi ni dhulma, na tulichowanyang'anya wenzetu ni ushindi. Watoto hugundua, tena mapema.

Wako watakaosema mambo haya ni mazito, mwacheni mtoto aogelee. Aogelee! Jioni bado ni ndefu.

Kwa maana kuna habari nyingine. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu, na kilichotazamwa kilikuwa dini, si lugha. Waislamu wa Krete, ambao wengi wao walizungumza Kigiriki majumbani, walihamishiwa Uturuki, na Wakristo wa Anatolia wakaletwa Ugiriki. Mtu alifika ugenini akaambiwa ndiko kwao, wala hajui kuomba maji kwa lugha ya huko.

Miongoni mwa Waislamu wa Chania walikuwemo watu weusi, wenye asili ya Afrika Kaskazini na Sudani, wakiitwa Halikoutides. Walikaa Koum Kapi, nje ya ukuta wa mji, wakifanya kazi za uchukuzi na mashua. Wengi wao nao waliondoka. Leo Koum Kapi ni mikahawa mitupu kando ya bahari. Tukae hapo, tuwaagizie watoto aiskrimu, tuwahadithie waliokuwa wakiishi pale.