Mwenye shamba ameulizwa?

Na Mama Jelimo

Jumanne wiki hii nilisimama kwenye shamba la watu upande wa Soy, nikapandwa na hasira ambayo hadi naandika haya haijashuka. Binti ya kaka yangu ni muuguzi. Ameweka akiba kwenye sacco miaka mingi, na sasa alikuwa amepata ploti ya hamsini kwa mia ya kujenga nyumba yake. Akaniambia, "Shangazi, twende uione kabla sijalipa dipoziti."

Tulipita Kuinet, tukaacha lami ya Kitale, tukaingia barabara ya udongo. Dalali alikuwa ametutangulia kwa pikipiki. Kijana msafi, mwenye maneno mengi na haraka zaidi ya maneno. Stima ile pale. Maji ni kuchimba tu. Na tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji Agosti 2024, mama, bei haishikiki. Kuna mnunuzi mwingine anafika saa nane. Wasomaji wa safu hii mnamjua huyo mnunuzi wa saa nane. Tulimsikia Langas, tukamsikia Kapseret, na bado anawatoa watu pesa ambazo hawajamaliza kuzifikiria.

Bikoni zenyewe zilikuwa vijiti vilivyofungwa vipande vya plastiki nyekundu. Chini yake udongo mweusi, umepasuka kwa kiangazi. Nilitia mkono kwenye ufa mmoja ukazama hadi kwenye kifundo. Pembeni kulikuwa na ndago zilizokauka, na anayeijua Soy anajua zinasema nini: Julai hapa maji yatasimama. Kwenye udongo kama huo fundi mwaminifu atakwambia uuchimbe wote, uutoe, ufike ardhi ngumu ndipo uanze msingi, la sivyo kuta zitapasuka kila msimu. Ndiyo maana ploti nyingi za bondeni huuzwa kati ya Januari na Machi. Nilimweleza binti yetu, akaelewa. Udongo mbaya una dawa, nayo ni pesa.

Kisha nikaomba kuona hatimiliki. Dalali akatoa simu, akanionyesha picha. Shamba zima la ekari kadhaa, hatimiliki moja, jina moja la mwanamume.

"Huyu ndiye wewe?" nikamuuliza mkubwa wa ndugu wawili waliokuwa wakiuza.

"Ni mzee wetu."

"Mzee yuko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye ua. Kaburi, chini ya mkaratusi.

Binti yetu alikuwa amefanya sachi kwenye ofisi ya ardhi, ikatoka safi, bila deni wala zuio, naye akafurahi. Sachi haikudanganya. Ilisema mwenye shamba ni yule aliyelala pale.

Tukiwa bado tumesimama, akaja mama mzee na beseni la mahindi aliyokuwa akipukuchua. Akatusalimu, "Chamgei," kisha akatazama vile vijiti na kuuliza, "Mnapima nini?" Wanawe wakainamisha vichwa. Dalali ndiye aliyejibu: "Ni wageni tu, Kogo."

Wageni tu! Mjane wa mwenye shamba, aliyelima hapo tangu akiwa msichana, anafichwa kwamba shamba lake linakatwa vipande mbele ya macho yake. Nilimwambia ukweli, kwa sauti, na dalali hakupenda.

Sheria ya Urithi, sura ya 160, iko wazi. Kifungu cha 82 kinamkataza hata msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama kuuza ardhi kabla hati yake haijathibitishwa. Hawa vijana hawakuwa wameteuliwa na yeyote. Kifungu cha 45 kinamhesabu anayeingilia mali ya marehemu bila idhini kuwa mkosaji: faini ya hadi shilingi 10,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na kifungu cha 35 kinampa mjane haki ya kuitumia mali hiyo maisha yake yote. Halafu kuna bodi. Ardhi ya kilimo haikatwi wala haiuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba uandikwe. Idhini ikikosekana, mkataba umekufa, na mnunuzi anabaki kudai pesa zake kama deni. Azidai kwa nani? Kwa vijana ambao wameshazigeuza pikipiki?

Sisi wa Uasin Gishu ndio tungekuwa wa kwanza kuuliza maswali haya. Makaburu walifika hapa na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908, wakagawiwa mashamba. Uhuru ulipokuja, wazee wetu wakachanga pesa kupitia kampuni na vyama vya ushirika, wakayanunua. Wengi walikufa wakiwa na karatasi ya hisa tu, hatimiliki mama ikiwa haijakatwa. Wajukuu leo wanauza namba za hisa. Na hata karatasi ikiwa mkononi, Mahakama ya Juu ilisema Aprili 2023, kwenye kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, kwamba hatimiliki haimlindi mwenye nayo ikiwa asili yake haikuwa halali. Basi uliza ilikotoka. Anayenunua mtamba huku kwetu huuliza mama yake hukamuliwa lita ngapi. Kwa ardhi tunaona haya kuuliza.

Najua nitaambiwa vijana wana shida, kuna karo, kuna hospitali. Wauze, wakitaka. Lakini waanze kortini, wampeleke mama yao, waorodheshwe wote pamoja na dada zao walioolewa, ambao siku hiyo hakuna aliyewataja hata kwa jina. Bodi nayo imuulize mama mwenyewe, isikie kutoka kinywani mwake.

Binti yetu hakulipa. Alhamisi nikasikia ploti imepata mtu, mume na mke walioletwa na dalali yuleyule, na mkataba umeandikwa mjini, kwa wakili, mhuri ukapigwa. Huyo ndiye anayenichoma kuliko dalali. Dalali huenda hajawahi kufungua sura ya 160. Wakili aliisoma akafanyiwa mtihani, akaona jina la marehemu kwenye hatimiliki, na hakuitisha karatasi ya mahakama. Wale wawili wakija kupoteza ploti, yeye ada yake hatairudisha.