Ziba gego kabla halijatoboka

Wengi wetu tunamjua daktari wa meno kwa kazi moja tu: kung'oa. Jino likianza kuuma usiku unameza dawa ya maumivu kutoka duka la mtaani, unasukuma wiki, na siku shavu likifura ndiyo unakumbuka kuna kliniki. Hapo ganji inaenda na gego halirudi.

Kuna njia nyingine, na haina sindano wala ile mashine ya kelele. Inaitwa silanti. Papasa gego lako kwa ulimi, utasikia mabonde na mifereji. Mingine ni myembamba kuliko unywele wa mswaki, kwa hivyo hata ukisugua vipi, mabaki ya mandazi na soda hubaki humo. Bakteria wanakula sukari hiyo na kutoa asidi, na asidi inalila jino polepole. Daktari husafisha gego, hulipaka jeli ya asidi kwa sekunde chache ili utando upate mahali pa kushika, huliosha na kulikausha kabisa. Kisha anapaka utando mwembamba wa plastiki na kuumulika kwa taa ya buluu hadi ugande. Mate yakiingia hapo katikati haushiki, ndiyo maana utaambiwa uache mdomo wazi, stori baadaye.

CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kinasema silanti huzuia asilimia 80 ya mashimo ya magego kwa miaka 2, na asilimia 50 hadi miaka 4.

Kama una miaka 19 na gego lako halina shimo wala halijajazwa, hujachelewa. Hata uozo mchanga ambao haujatoboka unaweza kufunikwa: bakteria waliofungiwa ndani hukosa chakula na uozo husimama. Shimo likishafunguka, sahau, hiyo ni kesi ya kujaza.

Lakini wa kufaidi zaidi ni wadogo zetu. Magego ya kwanza ya kudumu huota karibu miaka 6, ya pili karibu miaka 12. Yaani Gredi ya 1, na Gredi ya 6 au 7. Watoto hao wote wako darasani, na dawa za minyoo tayari huwafikia hapo hapo. Mbona kaunti, ambazo ndizo zenye jukumu la afya, zisipeleke daktari wa meno na taa yake mara mbili tu katika maisha ya mtoto? Tutaambiwa hakuna pesa. Kung'oa nako si bure: daktari ni yule yule, ganzi na glavu zinanunuliwa, na mtoto amekosa masomo siku nzima.

Usidhani basi mswaki umestaafu. Silanti haifiki kati ya jino na jino, na inaweza kumeguka, kwa hivyo iangaliwe kila unapoenda kliniki. Ukiwa huko, uliza bei ya kuziba gego moja, kisha uulize bei ya kujaza na ya kutibu mzizi.