Mpangaji Aliyejidhani Mwenye Nyumba

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa zamani alinijia ofisini. Hakuja kuomba barua ya kumtambulisha kwa waajiri, kama ilivyo desturi ya wahitimu. Alikuja nimsomee mkataba. Ana duka la mtandaoni la vitenge, khanga na nguo za kushona, alilolijenga kwa miaka tisa, na wateja wake wako Dar es Salaam, Mombasa, Muscat na Minneapolis. Jukwaa linaloliendesha duka hilo, la kampuni ya nje ambayo sitaitaja, lilikuwa limempandishia ada kwa mara ya tatu, naye akaamua kuhama. Mkataba wenyewe, kurasa na kurasa za Kiingereza cha wanasheria, aliukubali kwa kubofya mara moja siku alipofungua duka. Hakuwahi kuusoma. Nami nikiri kwamba, pamoja na shahada zangu zote, sijawahi kuusoma hata mmoja kati ya ile niliyoikubali.

Tulichokigundua ni kwamba bidhaa zake, bei, picha, majina ya wateja na anwani zao vingeweza kutolewa vyote katika faili na kupakiwa kwenye jukwaa jipya. Hilo ndilo linalotangazwa, na si uongo. Lakini nywila za wateja hazihami, kwa kuwa huhifadhiwa kwa namna ambayo hata mwenye duka hapaswi kuzisoma, na kwa hiyo kila mteja itabidi aweke mpya. Taarifa za kadi za benki ziko mikononi mwa kampuni ya malipo. Maoni ya wateja, yale ya miaka tisa ya kusifu mshono na kulalamikia ucheleweshaji wa posta, jukwaa lile lilimruhusu kuyaonyesha ila halikumpa njia ya kuyachukua. Kumbukumbu za oda za zamani nazo hufutwa baada ya akaunti kufungwa.

Kisha lipo suala la anwani, ambalo wengi hulitambua wakiwa wamechelewa. Kila bidhaa ina kiungo chake. Jukwaa jipya hupanga viungo kwa utaratibu wake, kwa hiyo kila kiungo ambacho mtu aliwahi kumtumia shoga yake kwa WhatsApp, na kila ukurasa ambao Google ilikwisha kuutambua, vinaangukia ukurasa mtupu. Dawa yake ni kuandika maelekezo ya kumpeleka mgeni kutoka anwani ya zamani hadi mpya, moja baada ya moja, na Google yenyewe hushauri maelekezo hayo yadumishwe kwa mwaka mmoja angalau. Mwanafunzi wangu aliweza kufanya hivyo kwa sababu moja tu: tangu mwanzo alinunua kikoa chake mwenyewe chenye .co.tz. Angekuwa anatumia anwani ya bure aliyopewa na jukwaa, asingekuwa na mlango wa kubandikia tangazo kwamba duka limehama.

Msomaji ataniuliza mambo ya vitenge yanahusu nini siasa. Yanahusu sana. Machi 2017 Tanzania ilimruhusu mteja wa simu kuhama mtandao bila kubadilisha namba. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2011. Kampuni za simu hazikufanya hivyo kwa hisani; mamlaka za udhibiti zilizilazimisha. Dola ilikubali kwamba namba ni mali ya aliyeihangaikia, na kwamba mtu asiyeweza kuondoka bila kupoteza watu wake hana uhuru wa kuchagua. (Kule Kenya akaunti ya M-Pesa haikuhama pamoja na namba, na hilo ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya wengi wabaki walipokuwa. Haki ya nusu nayo ina gharama zake.)

Zaidi ya hapo, dola inaijua adha hii kwa kuipitia. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania iliachana na TANePS, mfumo wa ununuzi wa umma uliotengenezwa na kampuni ya nje, ikahamia NeST uliojengwa na wataalamu wa ndani. Wazabuni walilazimika kujisajili upya, na manung'uniko hayakukosekana. Mimi niliuunga mkono uamuzi ule na bado nauunga mkono. Ninachohoji ni kwa nini taasisi iliyoona kwamba haifai yenyewe kuwa mpangaji wa kudumu haijajiuliza lolote kuhusu wananchi wake walio wapangaji. Sheria hiyohiyo ya kodi inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Kumbukumbu hizo ziko katika seva za mtu mwingine, ng'ambo, chini ya mkataba unaomruhusu kuzifuta.

Mwenzangu wa idara ya uchumi aliniambia kwamba hakuna aliyemlazimisha binti yule kusaini. Soko lina majukwaa mengi, achague. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama soko lenyewe lingemtambua. Chukua Shopify ya Canada, ambayo siyo kampuni niliyoanza nayo: humtoza ada ya ziada, hadi asilimia 2 ya mauzo kulingana na kifurushi, muuzaji asiyetumia huduma yake yenyewe ya malipo. Huduma hiyo haipo Tanzania wala Kenya. Mtu anatozwa kwa kutochagua kitu ambacho hakuuziwa.

Nao Umoja wa Ulaya, ambao hakuna anayeutuhumu kwa kulichukia soko, una Sheria ya Data iliyoanza kutumika 12 Septemba 2025. Inawabana watoa huduma za kompyuta za wingu wamruhusu mteja ahame na data zake, na ada za kuhama zinatakiwa ziwe zimefutwa ifikapo 12 Januari 2027. Kwetu, sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinamlinda mtu na taarifa zake. Ni hatua kubwa. Lakini historia ya duka, sifa yake na mauzo yake si taarifa binafsi za mtu, na hapo mfanyabiashara anabaki na mkataba wake wa kubofya.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, na najua mpo, sidai tujenge jukwaa la taifa. Tukilijenga litatuchosha. Nadai kanuni fupi: anayewauzia Watanzania huduma ya kuendesha duka ampe mwenye duka kila kilichozaliwa dukani humo, maoni na oda zikiwemo, katika faili linalosomeka, na asifute kumbukumbu za oda kabla ya miaka ambayo sheria ya kodi inaitaja.

Binti amekwisha kuhama. Maelekezo ya viungo yanafanya kazi. Maoni ya wateja anayanakili kwa mkono usiku, baada ya kuwaandikia wenyewe kuomba ruhusa, na wengine hawajibu. Mara ya mwisho nilipomuuliza alikuwa amefika mwaka 2021, na akaunti ya zamani ilikuwa imebakiza siku kumi na moja.